Nyanyua mkono wa kushoto kama hujui: visa vya BTP yangu

Kabla sijaenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuo cha ualimu, wa mwaka wa pili walinipa mambo mawili ya kushika. Moja, usicheke na watoto, watakupanda kichwani. La pili walininong'oneza kama wanaonifunda: somo atakalokuja kukagua mkufunzi, lifundishe siku moja kabla. Na wote wanyooshe mikono, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wewe chagua wa kulia tu.

Nami nikashika, mjinga mimi.

Nilipangiwa shule moja ya kijijini wilayani Kilosa, Hisabati Darasa la Tatu, watoto 113 kwenye rejesta. Wiki ya tatu mkufunzi kaja, kakaa nyuma na fomu yake. Nikaanza kwa madaha, "Leo tutajifunza..." Sijamaliza, sauti ya kwanza: "Mwalimu, hili si ulitufundisha jana?" Nikajifanya sijasikia, nikauliza swali. Mikono msitu mzima! Mkufunzi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo kitoto kimoja cha mbele kikasimama kabisa, kina wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, mimi sijui. Ndiyo huu wa kushoto, eti?"

Yaliyofuata ofisini nayaacha hukohuko ofisini.

Mwalimu mwenyeji wangu, mama mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, hakunisema. Aliomba tu daftari langu la maandalio. Akafungua, akaweka kidole penye tathmini. "Mwanangu, hapa umeandika asilimia 90 wameelewa. Uliwahesabu saa ngapi?"

Nani anahesabu? Chuo kizima tulikuwa tunaandika hivyo, tena wengine wanaijaza tathmini usiku uleule wanapoandaa somo, kabla halijafundishwa. Lakini swali lile lilininyima usingizi. Watoto 113, kipindi dakika arobaini, utajuaje nani kaelewa?

Nilianza kwa kununua. Manila, kalamu za rangi, gundi, sijui elfu kumi na tano au ishirini iliteketea, na mwisho wa siku walioona chati yangu ni safu mbili za mbele. Visoda vya kuhesabia nilivyookota bure, vikaishia kuchezewa dirishani.

Ndipo nikayaona madawati. Watoto wanakaa watatu watatu, na mimi nafundisha mamia, makumi na mamoja. Jamani, chati ninayo tayari! Nikawaambia: wa kushoto ni mamia, wa kati makumi, wa kulia mamoja. Nikitaja namba, kila mmoja anyooshe juu vidole vya tarakimu yake. Nitaona darasa zima kwa mara moja.

"Mia mbili arobaini na saba!"

Vidole juu. Natazama: 742. Dawati la pili: 742. La tatu: 742. Darasa zima limekosa, tena kosa lilelile! Nikawarudisha chini, nikaeleza upya, safari hii kwa ukali. Vidole juu: 742. Nikaanza kugomba. Mwalimu mwenyeji yuko nyuma kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Mwishowe msichana mmoja akaniambia kwa upole, kama unavyomsemesha mgonjwa: "Mwalimu, njoo usimame huku."

Nikaenda nyuma ya darasa. 247, dawati baada ya dawati. Kushoto kwao ni kulia kwangu, na mimi ndiye nilikuwa naisoma namba kinyumenyume.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao wakacheka zaidi. Na hakuna aliyenipanda kichwani, wale wa mwaka wa pili wasikie.

Tangu siku hiyo maswali nilikuwa nayatolea nyuma. Mkufunzi aliporudi sikurudia somo la jana. Nikataja 305. Kelele! Wa katikati hawakunyanyua chochote, "sisi hatuna kitu." Wengine walijilaza kabisa juu ya dawati. Nikawauliza wenzao, huyu akilala, namba yenu inasomekaje? "Thelathini na tano!" Basi sifuri akaambiwa anyooshe ngumi alinde nafasi yake, na kila mtoto akataka kuwa ngumi. Ikawa ugomvi mpya.

Mkufunzi aliandika kwamba darasa lina kelele. Kweli lilikuwa nazo. Mimi jioni nikaandika kwenye andalio: madawati saba bado wanaipoteza sifuri, kesho narudia. Mwalimu mwenyeji akasaini, hakuuliza niliwahesabu saa ngapi.