Corolla yangu ilikuwa inapaliwa mlimani

Niseme mapema, mi sio fundi, ni mtu wa ofisini tu mwenye Corolla 110 ya mwaka 1997, injini ya 5A, ile ambayo kila fundi Dar anakwambia anaijua hata akifumba macho. Sasa mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, ikaanza vituko. Ukiiwasha inaunguruma vizuri, kwenye foleni imetulia, lakini ukitoka Ubungo unapandisha Kimara ukikanyaga mafuta inasita, inashtuka shtuka kama mtu kapaliwa na chai, afu ndo inachukua. Ukibembeleza inaenda. Siku moja nikajaribu kuovateki lori la mchanga, nimefika ubavuni mwake kabisa ikagoma, mbele naona basi hilo linakuja na mataa, nikarudi nyuma ya lori magoti yanatetemeka.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua, akasema umewekewa mafuta ya kuchakachua. Haya, nikatembelea yale mpaka yakaisha nikajaza sheli nyingine, vilevile. Akahamia kwenye pampu ya mafuta. Nikaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, nikanunua filta na pampu, tukang'oa siti ya nyuma tukafunga, siku mbili gari safi nikaanza kujisifia, kumbe siku mbili hizo kulikuwa na jua kali tu. Ilivyonyesha tena ikarudi, tena zaidi ya mwanzo.

Ndo nikapelekwa kwa mzee mmoja Mbezi. Yeye spana hakushika, alianza kuhoji kama daktari: "Inakusumbua saa ngapi, kijana wangu? Inaishiwa pumzi taratibu au inakatika ghafla?" Nikamwambia inakatika kwa mishtuko, na asubuhi ya mvua ndo balaa. Akacheka, akasema mafuta yakipungua gari inalegea pole pole, ikikatika kwa mishtuko muulize moto kwanza, yaani umeme wa kwenye plagi zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta. Akafungua kile kisanduku cheusi kidogo kilichopo ndani ya boneti, akaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akaweka swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini ikawa inakonyeza tu mfululizo bila kupumzika. Maana yake kompyuta haijaona kosa. Mi nikajua ndo gari zima, yeye akasema kompyuta ya zamani hii inajua sensa zake tu, vile vipimio vya injini, cheche ikipotea njiani haina habari nayo.

Akaniambia nirudi giza likiingia. Nikarudi saa moja na nusu, akazima taa zote za gereji, gari inaunguruma boneti wazi, akachukua chupa ya kupulizia maji, fyu fyu juu ya waya za plagi huku kijana wake anapandisha mzunguko wa injini. Aisee. Kwenye waya wa silinda ya 3 vikatokea vijiuzi vya bluu vinaruka kwenda kwenye mfuniko wa injini, tk tk tk, unasikia kabisa. Nilisogeza kichwa akanivuta shati, huo umeme sio wa kuchezea.

Alivyouchomoa ule waya, mpira wake wa chini umelowa oili, umevimba na una ufa. Hizi injini plagi zake zimekaa shimoni, sili za pale juu, zile pete za mpira za kuzuia oili, zikichoka oili inajaa humo na kula mpira taratibu. Na nikaelewa kwanini ni mlimani tu: ukikanyaga mafuta hewa nyingi inaingia, mgandamizo kwenye silinda unapanda, cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka kwenye plagi, sasa kama waya una ufa umeme unachepukia hapo kwenye njia rahisi, na unyevu ukiwepo ndo kabisa. Ukiwa umesimama haihitaji nguvu hivo ndo maana haikuonyesha kitu.

Tukabadilisha sili, waya zote 4 na plagi, na mfuniko wa distributa, kile kinachogawa umeme kwa kila plagi, akausafisha maana ulikuwa na kutu ya kijani kwenye vichwa vya kushika waya. Jumla yake haikufika nusu ya ile pampu, hapa ndo naumia.

Jana imenyesha usiku kucha, asubuhi nimepanda Kimara nimekanyaga mpaka chini, imepanda bila hata kukohoa. Pampu ya zamani iko kwenye buti nimeifunga na gazeti, nzima kabisa, mwenye 110 akiitaka aseme.