Siku Niliyoomba Nisiape

Mwezi wa tano mwaka 2016 niliitwa kortini hapa Nairobi kutoa ushahidi katika kesi ya mama mboga wetu wa Umoja. Alikuwa amegongwa na pikapu jioni moja pale stejini, mguu ukavunjika, na mwenye gari akashikilia kwamba mama ndiye aliyejitupa barabarani. Mimi nilikuwa karibu, ndio kwanza nimeshuka matatu. Niliiona pikapu ikipanda kando ya barabara ili ilipite basi lililokuwa linashusha abiria. Mama hakuwa ameanza hata kuvuka. Hayo ndiyo niliyoandikisha kwa wakili wake.

Kabla ya siku ya kesi nilimweleza wakili kwamba sitaapa kwa Biblia, wala kwa msahafu wowote, kwa sababu mimi sina dini. Akasema kisheria hakuna taabu. Sheria ya viapo, Sura ya 15 ya sheria za Kenya, kifungu cha 15, inamruhusu mtu asiye na imani ya dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, kuthibitisha badala ya kuapa. Uzito ni ule ule, na akidanganya kosa ni lile lile. Ila akaniomba nifikirie wakati wenyewe.

Wakati ulikuwa mgumu kweli. Mwezi wa pili mwaka huo, jumuiya ya wasioamini Mungu, Atheists in Kenya, ilikuwa imesajiliwa rasmi. Kufika mwezi wa nne, Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili huo, kwa hoja kwamba jumuiya hiyo ingevuruga amani. Kwenye matatu, kinyozi, kila mahali, watu walizungumza juu yetu kana kwamba hatukuwa tumeketi nao viti vile vile. Na hii ni nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika Kifungu cha 32 kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake.

Habari ilimfikia mama. Akaniita. Nilimkuta ameuweka mguu juu ya kreti ya soda, anakata sukuma wiki: anakusanya majani, anayakunja kwa nguvu kwenye kiganja, kisu kinapita chembamba bila yeye kukitazama, mboga inaangukia kwenye sinia.

"Kijana wangu, nasikia hutaki kushika Biblia. Kesi yangu si itaanguka?"

"Haitaanguka, mama. Sheria inaniruhusu."

"Lakini ni kushika tu. Unashika, unarudisha."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kodi ya miezi ilikuwa imemlemea, na mimi ndiye niliyeona gari. Nikamwambia: nikisimama mbele ya hakimu nikasema Mwenyezi Mungu nisaidie, na moyoni siamini kwamba yupo, basi neno langu la kwanza pale ni uongo. Nitawaombaje waniamini kwa la pili?

Hakujibu. Nikamkumbusha Mathayo 5, maneno ambayo marehemu baba alikuwa akiyarudia nyumbani Vihiga: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Baba alikuwa Mkweka wa kanisa la Marafiki, lile lililoanzia Kaimosi mwaka 1902. Wakweka hawaapi. Tangu karne ya 17 walifungwa na kunyang'anywa mali kule Uingereza kwa kukataa viapo, hadi bunge likawaruhusu kuthibitisha. Sisi tusioamini tulifika baadaye kupitia mlango waliofungua wacha Mungu hao. Charles Bradlaugh, Mwingereza asiyeamini Mungu, alichaguliwa mbunge mwaka 1880, akazuiwa kuketi bungeni kwa sababu hakuwa na Mungu wa kumwapia, na sheria haikuwekwa sawa hadi 1888. Sheria zetu nyingi tulizirithi kutoka huko, kwa hiyo ninapodai haki hii ninadai pia ya baba yangu, ambaye angesikitika sana kujua kwamba siombi tena.

"Huo mstari naujua," mama akasema. Akaendelea kukata.

Siku ya kesi, karani wa korti alinijia na Biblia ya jalada jeusi, mgongo umebanduka na kuunganishwa kwa utepe wa gundi.

"Mkristo au Mwislamu?"

"Sina dini. Naomba kuthibitisha."

"Lazima kuna kitu unaamini. Shika tu, usicheleweshe korti."

Swali hilo la karani linaniuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata, maana aliuliza bila ubaya wowote. Kwake watu wa Kenya walikuwa wa aina mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, na hao ni wale tu waliothubutu kumwambia mhesabu, pengine wazazi au wakwe wakisikiliza.

Wakili wa upande wa pili akasimama. Akaiomba korti isiutie maanani ushahidi wa mtu asiyemwogopa Mungu. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akaniuliza kwa nini sitaki kuapa. Nikasema sina imani ya dini. Akamwambia karani alete karatasi ya uthibitisho. Karani akafungua droo moja, nyingine, hakuna. Hakimu akayasema maneno mwenyewe, pole pole, nami nikayafuata: kwamba nathibitisha kwa dhati na kwa kweli kuwa nitasema ukweli, ukweli wote, na ukweli mtupu. Sauti yangu ilitetemeka. Nilimaanisha kila neno.

Yule wakili hakuachia hapo. "Ukidanganya, nani atakuadhibu?"

"Korti hii," nikasema. "Na nitakutana na huyu mama kila siku langoni."

Hakimu akamwambia aniulize mambo ya barabara. Akaniuliza kuhusu pikapu, basi, mwanga wa jioni, umbali. Nilisema nilichokiona, na nisichokiona nikasema sikukiona.

Baadaye, Mubarak Bala, kiongozi wa chama cha wahumanisti, watu wanaoishi kwa utu bila dini, cha Nigeria, alikamatwa mwaka 2020 kwa alichoandika Facebook, na mwaka 2022 mahakama ya Kano ikamhukumu kifungo cha miaka 24. Rufaa iliipunguza hadi mitano, na akatoka mwanzoni mwa 2025. Mimi sikulala ndani hata usiku mmoja, na sithubutu kujilinganisha naye. Lakini nilipozisoma habari zile nilisikia tena sauti ya wakili akisema mtu asiyemwogopa Mungu asisikilizwe. Nchi ikishakubali hilo, sioni itakapoishia.

Mama alishinda kesi. Alipolipwa alifanya ibada ya shukrani kanisani kwake na kunialika, nikaenda. Akanishika mkono hadi kwa mchungaji wake. "Huyu ndiye shahidi wangu. Haombi, lakini hakumsingizia mtu." Mchungaji alinitazama kidogo, kisha akanivuta kando. Alikuwa na muumini mmoja ambaye dhamiri inamkataza kuapa, na kesi yake ya shamba ilikuwa inasikizwa juma lililofuata. Akataka kujua sheria ile ni ipi. Nikamwandikia nyuma ya bahasha ya sadaka: Sura ya 15, kifungu cha 15.