Siku Sir Alipovaa Kibao

Shule yetu ya kata, wilayani Mpwapwa, ilijengwa kwa nguvu za wananchi, na hadi mwaka 2007 nguvu hizo zilikuwa zimeishia kwenye kuta. Madirisha yalikuwa matundu tu. Upepo ukivuma, na Mpwapwa upepo hauna likizo, vumbi liliingia darasani bila hodi, na mkuu wa shule naye alizoea kutuchungulia kwa mtindo huohuo.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa "voda fasta". Waliosoma miaka ile wanajua: shule za kata zilikuwa zimeota kila kona, walimu hawatoshi, serikali ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya muda mfupi na kuwapeleka madarasani. Watu wakawapachika jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapuchapu. Lilikuwa jina la kejeli, na wengi wao hawakustahili. Huyu wetu alisoma mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, alitufundisha lugha zote mbili. Kwenye kipindi cha Kiswahili tulimwita mwalimu; kwenye Kiingereza tulimwita sir, na yeye mwenyewe alibadilika, shati analichomekea upya kabisa.

Tulikuwa tunadurusu kwa ajili ya Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Pili. Swali lililotutesa ni lile la kuunganisha sentensi: unapewa mbili fupi, unaambiwa uanze na "Although" au "Unless", au utumie "who". Kwenye jaribio la majuma machache nyuma karibu darasa zima lilikuwa limezama hapohapo. Si kwamba hatukusoma. Majina tuliyajua kwa kukariri, simple, compound, complex, compound-complex, tukiyaimba kama kiitikio. Ila ukituuliza complex ni sentensi gani, tungekujibu bila aibu kwamba ni ile ndefu.

Siku hiyo sir aliingia, akafuta ubao wote, akaandika sentensi mbili. Ya kwanza ilitoka ukingo hadi ukingo: "The old man with a torn hat and a big black umbrella walked slowly to the market in the rain." Ya pili ilikuwa na maneno manne: "I know he lies." Akauliza ipi ni complex. Tukanyoosha mikono kwa ile ya kwanza, mpaka wale wasionyooshaga mkono.

Hakusema tumekosa. Alitazama dirishani, akatazama mlango, kisha akaanza kuzungumza Kiswahili.

Hapo lazima nieleze kitu. Kwetu Kiswahili kilikuwa marufuku toka kengele ya asubuhi hadi ya jioni, isipokuwa kwenye somo lake. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukinaswa unaongea Kiswahili unavalishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ndiye anayefagia darasa. Tulitoka shule ya msingi tulikofundishwa kila kitu kwa Kiswahili, kwa hiyo kibao hakikukosa shingo.

"Tafuteni vitenzi," sir akasema. "Kofia sina shida nayo, mwavuli sina shida nao. Huyu mzee amefanya nini?" Ametembea. "Na kingine?" Hakuna kingine. Kitenzi kimoja, kishazi kimoja, yaani kundi moja la maneno lenye kitenzi chake. Sentensi sahili, hata ukiirefusha ikafika Kongwa. Kisha akaigeukia ile ya maneno manne. Najua. Anadanganya. Vitenzi viwili, na hicho cha pili kimebebwa na cha kwanza, maana ukiuliza "unajua nini?" jibu ndilo hilo.

Akaandika kwa Kiswahili: "Akija nitamwambia." Akatuuliza maneno mangapi. Mawili. Sentensi gani? Mtu mmoja akasema changamano, kwa sauti ya kujiuliza, na nakumbuka jinsi darasa lilivyotulia. Changamano tulikuwa tumeisoma kwake mwenyewe muhula uliotangulia, vishazi huru na vishazi tegemezi, na tulifaulu. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ni jambo lilelile.

Tangu hapo ubao uligawanywa kwa chaki katikati. Kushoto aliandika "akija", "alipokuja", "aliyekuja", akipigia mstari -ki-, -po- na -ye-. Kulia akaandika "if he comes", "when he came", "who came". Sisi, alisema, utegemezi tunauficha tumboni mwa kitenzi, kwa hiyo hatuuoni. Mwingereza anauweka nje, mbele ya kishazi, kila mtu auone. Kishazi tegemezi ni mtoto wa mbeleko: anapumua, ana mikono na miguu, lakini ukimtua hafiki sokoni. "When the rain stops." Mvua ikikatika, enhe? Mtu anakusubiri umalizie.

Compound tuliimaliza haraka. Vishazi viwili vyenye hadhi sawa, katikati "and", "but", "or" au "so". Alichokazia ni namna ya kuvipima. "We will go home when the rain stops" unaweza kuigeuza, "when the rain stops" ikaja mbele, ukaweka mkato, maana isiharibike. Jaribu kuanza na "but she stayed" halafu "he left". Haigeuki. Mpaka leo nikihariri kazi za watu natumia kipimo hicho, na sijaona kitabu kilichonieleza vizuri zaidi.

Kisha akafika kwenye "although", mahali tulipokuwa tunakufa. Kwetu ni kawaida kusema "ingawa anaumwa, lakini amekuja", na wote tulikuwa tumeandika "Although he was ill, but he came". Sir akaifuta "but" kwa kidole. "Although" imeshamfanya wa kwanza kuwa tegemezi. Ukiongeza "but" umemfanya na wa pili aunganishwe, sasa nani amebaki huru?

Ndipo kichwa cha mkuu wa shule kikaonekana dirishani.

Hatujui alikuwa hapo tangu lini. Akazunguka, akaingia mlangoni, sote tukasimama. "Good morning, sir!" Akautazama ubao, nusu yake Kiswahili. Hakumuuliza mwalimu. Alimnyooshea kidole mwenzangu wa dawati, msichana mkimya ambaye hakuwa amevalishwa kibao mwaka mzima kwa sababu haongei kabisa.

"What are you learning?"

Akasimama, akameza mate. "Sir, although this is an English period, we are learning Kiswahili."

Nilitamani dawati linimeze kwa niaba yake. Mkuu akamgeukia mwalimu. Sir naye, kijana wa miaka ishirini na kitu, koo limemkauka waziwazi, akajibu: "Yes, sir. And that is a complex sentence. With no but."

Mkuu alikuwa mtu wa hesabu. Aliusoma ubao tena, safari hii taratibu, kushoto kwenda kulia. "Carry on," akasema. "In English." Akatoka.

Tulipohakikisha amefika ofisini, kijana aliyekuwa na kibao siku ile akainuka nyuma, akaja mbele, akakiweka mezani kwa mwalimu. Sheria ni sheria. Sir alikitazama, akakivaa, akaendelea na somo kikimgonga kifuani kila akiinama kuandika.

Somo lenyewe liliishia kwenye ugomvi. Kwenye Kiswahili alikuwa ametufundisha sentensi shurutia, yaani zenye sharti, kama aina inayojitegemea, sasa tukataka kujua "If it rains, we will stay" inakwenda sanduku gani. Akasema complex, sanduku la nne kwa Kiingereza ni compound-complex, yenye vishazi huru viwili au zaidi na angalau tegemezi kimoja. Nusu ya darasa ilikataa. Iweje aina nzima ipotee kwa kuvuka chaki? Akakiri kwamba hata wanaoandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili hawakubaliani kuhusu shurutia, jibu ambalo lilituudhi zaidi.

Kengele ya mwisho iligongwa jioni, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa amethubutu kunaswa na sir, maana wote tulitaka kuona. Sir alikuja mwenyewe, kibao shingoni, akauliza fagio liko wapi. Aliuliza kwa Kiswahili.

"If you speak Kiswahili, sir, you will sweep," mwenzangu wa dawati akasema.

"Complex!" tukaitikia.

"Shurutia!" akapaza mtu kutoka nyuma, na ugomvi ukaanza upya huku sir anafagia.