Lotasi niliyoiua kwa mkasi

Lotasi yangu ya kwanza, ule mmea wa majini wenye maua makubwa, haikufa kwa kukosa maji wala kwa wadudu. Niliiua mwenyewe, kwa mkasi, tena siku niliyojiona bingwa wa bustani. Majani yalikuwa yameanza kukauka pembeni, na mimi sivumilii kitu kichakavu mbele ya macho yangu. Nikaingia kidimbwini, maji ya magoti, nikakifuata kila kikonyo hadi karibu na tope na kukikata huko huko ili kisibaki hata kisiki. Nikatoka nimejaa raha. Wiki chache baadaye maji yakaanza kunuka. Nilipopapasa chini, tunguu, lile shina nene la topeni ambalo nilikuwa nimelipanda likiwa gumu kama kiazi kibichi, liliponyoka vidoleni kama uji.

Kosa langu nililielewa siku nilipokata kikonyo kwa upana na kukitazama vizuri. Ndani kina mirija, matundu yaliyopangana kama sega. Hewa huingia kwenye jani lililosimama juu, ikashuka kwa mirija ile mpaka kwenye tunguu, kule topeni ambako oksijeni ni haba. Ukikata chini ya maji, umefungua bomba: panapopita hewa panaingia maji, na tunguu linaoza. Siku hizi nasubiri jani likauke kabisa, kisha nakata kwa urefu wa kiganja kizima juu ya maji. Visiki vinabaki vimesimama hovyo. Mume wangu anaviita makaburi, nami nimemzoea.

Nikaanza upya, safari hii kwa mbegu. Mbegu ya lotasi ni nyeusi, ndogo kuliko ncha ya kidole, ngumu ajabu. Ukiitumbukiza majini hivi hivi, utasubiri sana. Mwaka 1951 mtaalamu wa mimea wa Japani, Ichiro Oga, aliotesha mbegu ya lotasi iliyofukuliwa huko Chiba, ikakadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000 hivi. Mwaka uliofuata ilichanua. Kwa hiyo usidhani gamba hilo litalainika kwa kubembelezwa.

Dawa yake ni msasa. Shika mbegu kwa koleo (vidole vitachubuka, niulize mimi), sugua sehemu moja mpaka rangi ya maziwa ianze kuonekana chini ya weusi, halafu acha hapo hapo. Weka kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mahali penye joto, na ubadilishe maji kila siku. Kesho yake utaikuta imevimba. Ndani ya wiki moja hivi kichipukizi cha kijani kinachomoza kimejikunja kama ndoana, na mizizi inafuata baadaye. Nilisugua mbegu nane. Tatu ziliyachafua maji na kuoza, nikazitupa. Ila ujue mbegu haiahidi kufanana na mama yake. Anayetaka rangi fulani na apande tunguu.

Tunguu nalo linalazwa ubavu, jicho likitazama juu, udongo kidogo juu yake na jicho likiwa wazi. Jicho likivunjika umepoteza chipukizi, kwa hiyo libebe kama yai. Chombo kiwe kipana, cha duara na kisicho na tundu. Duara si urembo. Shina la lotasi hutambaa chini ya udongo, na likifika kwenye kona linajibana hapo na kudumaa. Usilipande wazi kwenye sakafu ya kidimbwi, maana litakula kidimbwi kizima. Udongo uwe mzito wa mfinyanzi. Ule mwepesi wa vyungu vya maua huelea, ukaamka na kukuta supu.

Maji yaanze kidogo, sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo, ili jua liyapashe. Jua nalo lisipungue saa sita kwa siku. Mbolea mimi niliitia mapema, ukingo wa majani ukaungua. Sasa nangoja mpaka yasimame majani kadhaa.

Maana majani huja kwa awamu. Ya kwanza yanalala juu ya maji, madogo kama sarafu. Wageni wangu wote huyaita yungiyungi, nami kila mara nawaonyesha: jani la yungiyungi lina mkato hadi katikati, la lotasi ni duara kamili na kikonyo kimelishika kitovuni. Kiukoo hata si ndugu. Lotasi ina udugu zaidi na mti wa makadamia. Kisha siku moja jani linatoka majini limesokotwa kama karatasi, linafunguka hewani, na ukilimwagia maji yanakusanyika kuwa shanga, yanabingirika, yanadondoka, na jani linabaki kavu.

Vidukari wanalipenda pia. Nawapiga kwa maji ya mpira, basi. Sabuni huharibu ile nta ya jani na haiwafai samaki. Samaki wadogo ninao kwa ajili ya viluwiluwi vya mbu. Wakubwa niliwahamisha baada ya kuwakuta wakichimbua machipukizi.

Ua la kwanza lilichelewa hadi mwaka wa pili. Tumba lilisimama juu kuliko majani, waridi, limefumba kama ngumi. Alfajiri ya siku ya kwanza lilifunguka kiasi tu, mdomo wa kikombe. Asubuhi ile ilikuwa na baridi, nikatia kidole ndani taratibu, na ndani kulikuwa na joto. Si kwamba nilikuwa nimelala vibaya: lotasi hujipasha yenyewe. Watafiti wa Australia walilipima mwaka 1996 wakakuta ua linashikilia nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi hata hewa ya nje ikishuka hadi 10. Nyuki mmoja alikuwa humo, anajizungusha bila haraka. Alasiri likafumba. Siku ya pili likafunguka wazi, harufu ikafika hadi mlangoni. Siku ya tatu petali zilikuwa zimepauka. Ya nne, nikiwa nakunywa chai, zikaanza kudondoka mojamoja zikielea kama mitumbwi.

Mkono uliniwasha kushika mkasi. Niliziopoa petali zote, nikazitandaza juu ya jiwe. Kikonyo na kile kichwa chake chenye matundu, kama cha bomba la kumwagilia, nikakiacha. Sasa kimeanza kuinama na kuwa kahawia, kibaya kweli kweli, na ndani yake mbegu zinacheza nikikitikisa.