Hilux ya porini, wiki ya tatu: paipu ya breki ya nyuma imekubali

Leo pedeli imekaza. Nimekanyaga ikasimama juu, nikakanyaga tena ikasimama palepale, nikashuka nikaizunguka gari nikarudi kukanyaga kwa sababu sikuamini. Wiki tatu nimelala chini ya hii Hilux hapa Unga Limited, Arusha, na shida ilikuwa moja tu, mita chache za bomba jembamba la breki.

Gari ni Hilux ya muundo wa LN106, ya dizeli, bodi ya nyuma nilikata yote nikajenga fremu ya mabomba, tenki nikalipandisha nyuma ya kebini, springi plate mpya zimenyanyua sentimita 10. Baada ya hapo paipu ya zamani haikuwa na pa kupita. Nikaamua kuipandisha juu: inatoka kwenye chasisi, inapanda na bomba la fremu, inapita pembeni ya tenki, inashuka mpaka kwenye ile vavu inayosoma mzigo na kurekebisha presha ya breki za nyuma, ndo inaingia kwenye hozi, ile ya mpira inayoshuka kwenye ekseli. Nilikuwa na sababu, njia ya Ziwa Natron ni mawe matupu na paipu ikining'inia chini ndo inakuwa ya kwanza kupigwa. Roli ya paipu ikaisha katikati nikaunga, na jointi ikaangukia kileleni kabisa pa hiyo njia. Hapo sikuona tatizo.

Tukaanza kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, kwa kulegeza nipeli, zile skrubu ndogo za kutolea. Tairi ya mbali kwanza, halafu ya pili, halafu nipeli ya vavu, dogo anakanyaga mimi nafungua, mafuta yanatoka masafi hayana hata povu, tunafunga, pedeli inazama kama umekanyaga godoro. Tukarudia kesho yake. Keshokutwa. Chupa tatu za mafuta ya breki, DOT 4, zimeisha hivyo. Shuu nimezikaza mpaka tairi inakwaruza dramu, hakuna kitu. Kila fundi aliyepita akasema masta silinda, pampu inayosukumwa na pedeli, imekufa badilisha, na kwa kweli nilishaanza kuulizia bei, nilikuwa nimechoka, nilikuwa naota nipeli usiku.

Kilichoniokoa ni kuacha kubahatisha. Nilichukua nati ya zamani na kipande cha paipu, nikakichomelea mdomo kikaziba kabisa, nikafunga kwenye tundu la nyuma la masta silinda. Pedeli ikawa jiwe. Maana yake masta nzima, breki za mbele nzima. Nikarudisha paipu, nikabana hozi ya nyuma taratibu kwa vaisigripu (koleo la kujifunga) niliyoivalisha mpira, pedeli laini. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye tairi, liko kati ya masta na hozi, na hapo katikati kuna vavu ambayo nipeli yake inatoa mafuta safi, na paipu. Basi.

Nikapanda juu ya fremu, nikamwambia dogo akanyage ashikilie, nikalegeza nati ya ile jointi robo tu. Fsssss! Povu jeupe! Aisee nilipiga kelele mpaka wa gereji ya jirani wakaja kuangalia. Upepo unapenda juu, kila mtu anajua, ila sikuwaza kwamba tumbo la jointi ni pana kuliko tundu la paipu, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanapita chini yake na upepo umejikalia pale juu kwa raha zake, ukikanyaga unabanwa, ukiachia unatanuka.

Pale pale ingewezekana kufunga na kuondoka, pedeli ilishakaza. Lakini ina maana kila nikibadili mafuta nipande kule kulegeza nati pembeni ya tenki, na mafuta ya breki yakidondokea rangi yanaila. Hapana. Nimeng'oa yote. Njia mpya inapita ndani ya mfereji wa chasisi upande usio na ekzosi, haipandi kilima popote, paipu moja haina jointi, na sehemu mbili zilizo wazi nimechomelea vipande vya engo aini viwe ngao ya mawe. Upande wa ekzosi msijaribu, joto lake litachemsha mafuta: DOT 4 mpya inachemka kwenye nyuzi 230 lakini ikishanyonya unyevu inashuka mpaka kama 155.

Kuhusu paipu, safari hii nimetumia ya kopa iliyochanganywa na nikeli. Kopa tupu inakunjika vizuri lakini mtikisiko unaichosha mpaka inapasuka, kwenye gari la kulala porini siitaki. Na kifaa cha kutanulia mdomo, kile cha bamba lenye matundu kinachouzwa kila duka kimeniharibia midomo sita, paipu inateleza mdomo unatoka upande. Toyota inataka mdomo uliokunjwa mara mbili na kile hakishiki sawasawa. Nimeazima cha kufunga kwenye vaisi, cha mafundi wenzangu, mdomo wa kwanza tu umetoka duara kamili. Nikipata hela nanunua hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Vavu nayo nimeinulia bracket yake kwenye ekseli sentimita 10 zilezile, maana gari likinyanyuka yenyewe inadhani nyuma hakuna mzigo inapunguza presha. Hozi ni ndefu zaidi, nimeipima ekseli ikiwa inaning'inia kabisa bila shokapu, haivutiki.

Jioni nimeijaribu kwenye changarawe, nyuma inashika. Jumamosi naipeleka Mto wa Mbu, nipande ule ukuta wa Bonde la Ufa mpaka juu na kushuka nao taratibu nikiwa na ndoo za mchanga nyuma.

Wiki hii ilikuwa zamu ya waya za hendibreki. Ila nikiwa chini pale nimeona mfereji wa chasisi una nafasi ya bomba la pili, na kipumulio cha difu, tundu lake la kutolea hewa, bado kiko chini, kwenye mto kitavuta maji. Bomba la mpira limeshanunuliwa. Hendibreki itasubiri, kwa sasa kuna mawe mawili nyuma ya tairi.