Gazi, kijiji kinachouza hewa ya mikoko

Ukishavuka feri ya Likoni, Mombasa, matatu za kuelekea Lunga Lunga hazikosekani. Nilipata kiti cha dirishani, tukaipita Ukunda ambako wageni wa Diani hushukia, na tukaendelea kusini hadi njiapanda ya Gazi. Kutoka hapo bodaboda ilinipeleka hadi pwani kwenyewe, kwenye minazi na harufu ya samaki wabichi.

Wapenda historia hukijua kijiji hiki kwa ajili ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao hapa na akapigana na Waingereza mwaka 1895. Mimi nilivutwa na mikoko. Nilikuwa nimesikia kwamba wanakijiji wanaitunza na kuuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo, yaani wanaochafua hewa kwingine huwalipa kwa kila tani iliyohifadhiwa, na faida inarudi kwa wote. Nikataka kujua inawafikia vipi.

Kina mama wa Gazi wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya msitu. Unalipa kiingilio, mmoja wao anakutembeza, na ukitaka chakula wanakupikia. Aliyenipokea ni mama wa makamo mwenye leso mabegani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza kutembea. Maji yalikuwa yamepwa, kaa wakikimbilia mashimoni. Mti kwa mti alinionyesha: huu mkoko, ule mkandaa, kule mchu ambao mizizi yake imechomoza juu ya tope, na mlilana upande wa bahari.

"Hapa palikuwa peupe, mwanangu," akaniambia tulipofika mahali penye miti iliyosimama kwa safu. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Tope likabaki wazi, mazalio ya samaki yakaharibika. Mwaka 1991 watafiti, akiwemo Dkt. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda upya pamoja na wenyeji. Safu zile ni kazi yao.

Utajiri wenyewe uko chini ya miguu. Ndani ya tope la mikoko hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno, na kaboni, yaani ukaa ule uliofyonzwa kutoka hewani, hukaa humo miaka na miaka. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unalinda hekta 117 na huuza takribani tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Hesabu hukaguliwa kwa kanuni za Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya aina hii, na shirika moja la hisani la Scotland husaidia kutafuta wanunuzi. Kwenye soko la dunia kiasi hicho ni kidogo mno. Kwa Gazi na jirani zao wa Makongeni, kimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi. Fedha za njia ya mbao huingia kwenye kikundi cha kina mama, na mwanachama huona shilingi yake mkononi. Fedha za hewa hazigawanywi nyumba kwa nyumba. Wanakijiji hukaa mkutanoni wakaamua zifanye nini. Kwa maoni yangu njia zote mbili zinahitajika, lakini hii ya pili ndiyo inayomfikia mjane asiye katika kikundi chochote, ambaye hata kiingilio cha uanachama hana. Anateka maji kama wengine, bila kumwomba mtu. Umaskini wa pwani si mfuko mtupu tu. Ni pia saa zinazopotea njiani na ndoo kichwani, na mtoto anayesoma kwa kuchungulia kitabu cha mwenzake.

Nilimwuliza mama kuhusu waliokuwa wakiishi kwa kukata boriti. Hakulizunguka swali. Alisema wapo walioumia, na kwamba mvinje imepandwa nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni. Lakini mvinje nao unahitaji miaka kukua, na mwenye watoto hangoji. Mradi wowote unaozuia watu kukata lazima uwahesabu hawa kwanza, kabla ya kuhesabu tani. Pia inaniuma kwamba bei ya jasho la Gazi inategemea mnunuzi aliye mbali.

Hata hivyo, mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha mradi wao kwenye msitu mkubwa zaidi, wa hekta zaidi ya 400. Baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka nilirudi njiapanda, nikasimamisha matatu ya kwenda huko. Nilitaka kuwauliza wakata boriti wa Vanga swali lile lile.