Nilivyorusha msumari kwa betri nne

Nilikuwa kidato cha tatu, Morogoro. Mwalimu wa fizikia aliukubali mradi wangu wa kurusha msumari kwa sumaku ya umeme, kwa masharti matatu: nisiguse umeme wa ukutani, nisitumie kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), na kitakachorushwa kisiwe na ncha. Sharti la pili liliniuma, maana rafiki yangu alikuwa na kamera mbovu yenye flashi na tulishaipangia kazi. Mwalimu akatueleza kwamba kapasita ya flashi hubeba volti 300 hivi, na inaweza kubaki nazo hata betri ikishatolewa. Kamera ikarudi kabatini. Hadi leo namshukuru.

Waya nilipewa na fundi anayesuka mota.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Waya wa nini?"

Nilipomweleza, alinipa mabaki ya waya wa shaba wa nusu milimita, akanionyesha namna ya kukwangua vanishi kwenye miisho yake kwa wembe. Usipoikwangua, umeme haupiti, na utahangaika siku nzima ukidhani betri ni mbovu. Nikauzungusha waya mara 200 kwenye mrija wa soda, ukawa koili. Msumari wa unene wa mm 4 nikaukata ukabaki sm 4, nikausawazisha kwa tupa. Betri zilikuwa nne, zile kubwa za redio: volti 6 kwa jumla. Mbele nikaweka boksi lililojazwa matambara.

Nikabonyeza swichi. Msumari ukaingia kwenye koili, ukatetema, ukatulia katikati. Nikaongeza betri zikawa sita. Ukaingia kwa kishindo zaidi, ukakaa palepale.

Ilinichukua wiki kuelewa. Koili huvuta chuma kuelekea katikati yake, kitokee upande wowote. Msumari ukivuka katikati na umeme bado unapita, nguvu ileile iliyouleta inaurudisha. Betri zangu za ziada zilikuwa zinaongeza breki! Umeme ulitakiwa ukatike msumari unapofika katikati, na hakuna kidole chenye wepesi huo.

Basi nikaamua msumari ujikatie umeme wenyewe. Ndani ya mrija, nyuma ya koili, niliweka vipande viwili vya karatasi ya aluminiamu visivyogusana. Msumari ukilala juu yake unakamilisha saketi. Mkia wake ukiviacha, saketi inakatika. Jioni tatu nilivisogeza milimita kwa milimita, mpaka msumari ukatoka na kutua kwenye matambara. Nilipiga kelele hadi mama akaja mbio kutoka jikoni.

Furaha haikudumu, kwa sababu kila mrusho ulitoa cheche na aluminiamu ikaungua. Nikaweka vipande vya shaba badala yake, na diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kutoka kwenye redio iliyokufa nikaifunga sambamba na koili, ikitazama kinyume na betri, ili mkondo upate njia saketi inapokatika.

Nilipomsimulia mwalimu habari za cheche, alinitajia Kristian Birkeland, profesa wa Norway. Mwaka 1903 alionyesha mzinga wake wa sumakuumeme mbele ya wageni, ukapata shoti na mwali mkubwa ukalipuka. Yeye na mhandisi Sam Eyde wakautumia mwali wa namna hiyo kuvuna naitrojeni ya hewani, na mwaka 1905 ikaanzishwa Norsk Hydro, kampuni ya mbolea. Tawi lake la mbolea ndilo lililokuja kuwa Yara, jina lililoandikwa kwenye mfuko wa mbolea ambayo mama alikuwa akiinunua kwa ajili ya shamba la mahindi. Nilikwenda stoo kuutazama mfuko ule upya.

Kasi niliipima kwa rula tu. Meza ilikuwa na kimo cha sm 75, kwa hiyo msumari ulianguka kwa sekunde 0.39; ulitua sm 70 mbele, yaani mita 1.8 kwa sekunde. Kwa uzito wa gramu 4, hiyo ni nishati ya jouli 0.0065, karibu asilimia 1 tu ya iliyotoka kwenye betri. Iliyobaki niliisikia kwa vidole: koili ilikuwa ya moto.

Siku ya maonyesho betri ziliisha kabla ya saa sita mchana. Kila mtoto wa kidato cha kwanza alitaka abonyeze mwenyewe.